Breki iko, akselereta iko wapi? Historia ya moyo wa kamongo

Wandugu, wavuvi wa Upemba, kuanzia Bukama mpaka Malemba-Nkulu, wanajua samaki moja yenye mapafu. Kenya na Tanzania wanaiita kamongo. Mwaka 1961 Max Poll, mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji, aliipa aina ya huku kwetu jina la mwenzake Paul Brien: Protopterus annectens brieni. Jina tulipata. Lakini swali kubwa lilikuwa lingine: samaki ikipanda juu kuvuta hewa, nani anapatanisha moyo na mapafu?

Njia ya jibu ilifunguliwa na chura. Mwaka 1921, mu Austria, Otto Loewi alishtua neva ya vagasi ya moyo wa chura, moyo ukaenda pole pole. Akachukua maji ya ule moyo, akayaweka kwa moyo wa pili: nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva inasema na moyo kwa njia ya dawa.

Mwaka 1968 Kjell Johansen na Claude Lenfant wakaandika juu ya kamongo ya aina aethiopicus. Ikiwa kubwa, inapata karibu 90% ya oksijeni yake mu hewa, na kila ikivuta pumzi damu inaongezeka kwenda kwa mapafu. Mwaka 1979 watafiti wa Uswidi wakaonyesha kwamba vagasi inapunguza mwendo wa moyo wake, sawa vile kwetu. Ile ni breki.

Na akselereta? Sisi watu tuko na neva nyingine za kukimbiza moyo. Kwa moyo wa kamongo hazikuonekana. Badala yake, chembe zilizo ndani ya ukuta wa moyo wenyewe zinatunza dawa za jamii ya adrenalini. Kazi ni ileile, njia ni nyingine.

Ndiyo maana hii historia inatuhusu. Tukisoma moyo wa mtu peke yake, tutafikiri kuko mpango mumoja tu. Na wote walioandika hayo majibu walitoka mbali, wakati samaki iko mu mayi yetu. Wewe wa biolojia ama wa medesini, unayetafuta kichwa cha kazi yako ya mwisho: usianzie mbali. Shuka Bukama, uliza wavuvi, kisha fungua vitabu.