Nguruwe, Paka na Mbuzi wa Gunia
Waingereza humwonya mtu asinunue nguruwe mfukoni. Maana yake ni ya mnadani: mnyama yumo guniani, muuzaji anasifu, mnunuzi analipa bila kulegeza kamba. John Heywood, mkusanyaji wa methali, aliutumia msemo huu katika karne ya 16.

Kwa Wajerumani na Wafaransa gunia ni lilelile, ila aliyemo ni paka. Visa vya Till Eulenspiegel, vilivyochapishwa Strasbourg mwanzoni mwa karne hiyo, vinasimulia jinsi ayari huyo alivyomshonea paka hai ngozi ya sungura, akamtia guniani, akawauzia mafundi wa manyoya wa Leipzig. Mwandishi Mfaransa Montaigne aliupeleka mbali zaidi usemi wa paka: farasi tunamvua matandiko kabla ya kumnunua, lakini binadamu tunamthamini angali amefunikwa na cheo na mali. Wahispania hawahitaji gunia; paka wao amekwisha kupikwa, na mgeni anaambiwa ni sungura.

Sisi tuna mbuzi. Hata hivyo, tofauti iliyo nzito haimo katika mnyama, imo katika kitenzi. Mwingereza *hununua*, Mswahili *huuziwa* mbuzi kwenye gunia. Yule analaumiwa kwa uzembe, huyu ametendwa. Wahenga wetu nao walimtupia jicho mwenye bidhaa: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria nazo ziliwahi kuachana hivyo. Mwaka 1603, nchini Uingereza, katika kesi ya Chandelor na Lopus, mnunuzi alikuwa amelipa pauni 100 kwa jiwe aliloambiwa ni bezoari, lililoaminiwa kuwa dawa ya sumu. Halikuwa bezoari. Mahakama ikaona kwamba kauli tupu ya muuzaji si dhamana, na hasara ikabaki kwa mnunuzi. Madhehebu ya Kiislamu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani yetu, huanzia kwingine: kwa kauli yenye nguvu zaidi, kuuza kitu kisichoonwa hakuswihi. Hanafi huruhusu, ila mnunuzi akishakiona ana hiari ya kuvunja mapatano. Sisemi kwamba msemo wetu umezaliwa na fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. Nasema vinaelekea upande mmoja.

Uingereza nayo haikusimama pale. Sheria yake ya uuzaji wa bidhaa ya 1893 ilitaka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na sheria za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya msingi huo.