Arobaini ya Mwizi

Usiku ambao nilipaswa kuandika tasnifu, mara nyingi nilikuwa Cyrodiil, nikiiba. Cyrodiil ni nchi ya kubuni katika Oblivion, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2006. Ndani yake kuna chama cha wezi chenye masharti matatu: usimwibie mwanachama mwenzako, usiue mtu ukiwa kazini, usiwaibie maskini. Niliyapenda masharti hayo. Mwizi mwenye kanuni anapendeza, ilimradi haibi cha kwako.

Kisha simu yangu ikaibwa kwenye daladala.

Kabla sijasimulia hilo, nirudi nyuma. Chama cha wezi hakikuanzia kwenye kompyuta. Mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons ulipotoka mwaka 1974 haukuwa na mhusika wa aina ya mwizi; aliongezwa mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo huo, hakuficha deni lake kwa Mmarekani Fritz Leiber, aliyeandika hadithi za mji wa Lankhmar. Huko wezi wana chama chenye makao, mabosi na ghadhabu kali dhidi ya yeyote anayeiba bila kibali.

Mbele zaidi yuko Miguel de Cervantes. Katika hadithi yake ya Rinconete na Cortadillo, iliyochapwa mwaka 1613, vijana wawili wanafika Sevilla, wanaanza kuchomoa vya watu, na mara wanaambiwa kwamba hapa mjini mwizi hujiandikisha kwanza kwa bwana Monipodio. Wezi wake wanatoa hata fungu la mafuta ya taa ya sanamu takatifu. Cervantes aliijua Sevilla kutokea ndani: mwaka 1597 alifungwa katika gereza la mji huo.

Lakini Monipodio ni wa kubuni. Wa kweli alikuwa Jonathan Wild, wa London.

Ukiibiwa London miaka ya 1710, ulikwenda ofisini kwake. Ulieleza kilichopotea, wapi, saa ngapi, yeye akaandika. Baada ya siku kadhaa mali yako "ilipatikana", nawe ukatoa kitu kwa waliohangaika. Waliohangaika ndio walioiba. Wild mwenyewe alijitahidi asiiguse mali, hivyo ilikuwa vigumu kumshtaki. Na mwizi aliyekataa kufanya kazi chini yake alimkamata na kumfikisha mahakamani, kwa sababu sheria iliahidi pauni 40 kwa anayemkamata mnyang'anyi wa barabarani mpaka akatiwa hatiani. Alijiita Mkamata-Wezi Mkuu wa Uingereza na Ireland, na watu wakamshukuru. Alimwandama hata Jack Sheppard, kijana aliyetoroka gerezani mara nne kabla ya kunyongwa Novemba 1724.

Mwisho Wild naye alinaswa, kwa lesi. Alishtakiwa kuiba lesi ya mwanamke mmoja, akaachiwa. Kisha akatiwa hatiani kwa kupokea fedha ili airudishe bila kumshtaki mwizi, kosa lililowekwa na sheria ya mwaka 1718. Alinyongwa Tyburn tarehe 24 Mei 1725.

Sasa simu yangu. Ndani yake kulikuwa na mahojiano 11 ya tasnifu, ambayo kwa uzembe wangu sikuyahifadhi kwingine. Mzee mmoja niliyemhoji alikuwa ameshafariki. Rafiki yangu akanipeleka kwa kaka mmoja mwenye kibanda karibu na kituo. Hakushangaa. Aliuliza daladala ya wapi, saa ngapi, kava la rangi gani. Siku ya pili simu ilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Nilitoa elfu 80. "Pole sana dada," akasema. Nami nikamwambia, kwa moyo wote, "Ahsante kaka, Mungu akubariki."

Wiki chache baadaye, kituo kile kile, nilisikia "Mwizi!" Nilipofika, kijana mwembamba alikuwa chini, uso umejaa damu, na mtu anaviringisha tairi. Polisi walimwahi. Nilipogeuka nikamwona yule kaka mlangoni kwa kibanda chake, ameegemea, anatazama kama sisi wote. Sijui kama kijana yule alikuwa wake, au alikuwa amekataa kuwa wake.

Tunasema siku za mwizi ni arobaini. Methali hiyo hutufariji: hesabu inakwenda yenyewe, kila mwizi na siku yake. Wild ananifundisha kwamba huenda kuna mtu anayeishika hesabu, anayeamua arobaini ya nani itimie leo, na anayelipwa kwa kila inayotimia. Daftari lake halikujazwa na wezi. Lilijazwa na watu wenye heshima waliotaka vitu vyao virudi, wala hawakuuliza vilikuwa wapi.

Mimi pia sikuuliza. Sauti ya yule mzee sasa nimeihifadhi mahali patatu, na sura yake katika tasnifu imekamilika. Namba ya kaka wa kibandani bado iko kwenye simu. Sijaifuta.