Arifa za nauli: namna ya kutafuta tiketi nafuu kutoka viwanja vya ndege vya jirani

Abiria wawili walioketi bega kwa bega katika ndege iendayo Nairobi huenda wamelipa nauli zinazotofautiana kwa mamia ya pauni, ingawa chakula ni kile kile na kiti ni kile kile. Tofauti hiyo si bahati nasibu. Shirika la ndege hugawa viti vya daraja la kawaida katika mafungu kadhaa, kila fungu na bei yake na masharti yake, na mafungu hayo hufunguliwa na kufungwa kila siku kwa kadiri viti vinavyonunuliwa. Fungu la chini kabisa linaweza kufunguliwa usiku wa Jumanne na kutoweka Alhamisi asubuhi. Mtu anayetazama bei mara moja kwa mwezi hawezi kuliona.

Hapo ndipo arifa za nauli zinapomfaa msafiri. Ni ujumbe unaofika katika simu au baruapepe pale bei ya safari aliyoichagua inapobadilika. Kwa Waswahili walioko Uingereza, Ghuba au Marekani, ambao wengi wao husafiri kwenda nyumbani mara moja katika miaka miwili au mitatu, na aghalabu wakiwa na watoto, chombo hiki kinaweza kuamua kama familia nzima itasafiri au atakwenda mmoja tu kuwawakilisha wenzake.

Ilikotoka

Utaratibu wa kubadilisha nauli kila siku ulipata nguvu Marekani baada ya sheria ya mwaka 1978 iliyoiondolea serikali mamlaka ya kupanga nauli. Mashirika yakawa huru kushindana, na kompyuta zikapewa kazi ya kukisia abiria yupi yuko tayari kulipa kiasi gani.

Abiria walichelewa kupata silaha ya kujibu. Mwaka 2003 Oren Etzioni, mtaalamu wa kompyuta wa Seattle, alisafiri kwenda harusi ya mdogo wake baada ya kununua tiketi mapema sana, akidhani kununua mapema ndiko kununua nafuu. Ndani ya ndege akawauliza jirani zake, akagundua kuwa walionunua baada yake walilipa kidogo kuliko yeye. Kutokana na udhia huo ilizaliwa Farecast, huduma ya kubashiri mwelekeo wa nauli, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2008. Wakati huo huo kampuni ya ITA Software, iliyoanzishwa mwaka 1996 na wataalamu waliotoka chuo cha MIT, ilikuwa imetengeneza programu ya kupekua mamilioni ya michanganyiko ya safari kwa sekunde chache. Google iliinunua kwa dola milioni 700, na Septemba 2011 ikafungua Google Flights.

Aina ya pili ya arifa ilianza kwa namna ya kienyeji zaidi. Mwaka 2013 mwandishi wa habari Scott Keyes alipata tiketi ya kwenda na kurudi kati ya New York na Milan kwa dola 130. Rafiki zake wakamwomba awatumie habari kila anapoona bei ya namna ile. Orodha ile ya marafiki ikakua ikawa kampuni, ambayo leo huitwa Going na huwahudumia wanaoondokea Marekani. Nchini Uingereza huduma ya aina hiyo ni Jack's Flight Club.

Aina hizi mbili zisichanganywe. Ya kwanza ni mashine: msafiri huiambia anataka kutoka wapi kwenda wapi, nayo humlindia bei ya safari hiyo tu. Ya pili ni watu wanaowinda bei zilizoanguka na kuzitangaza, na huenda wiki sita zikapita wakitangaza Bangkok na Lisbon bila kuitaja Dar es Salaam. Mwenye kwao pa kwenda anahitaji zaidi ile ya kwanza.

Mji mmoja, viwanja vingi

Kosa la kawaida ni kuweka arifa kwa kiwanja kimoja. Mkazi wa Leicester, mji uliopokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na ambako Kiswahili bado husikika madukani, yuko chini ya saa moja kwa gari kutoka kiwanja cha Birmingham. Lakini pia anaweza kufika Manchester, Heathrow au Gatwick kwa basi au treni. Manchester na Birmingham zina ndege za mashirika ya Ghuba na Uturuki, na mashirika hayo mara nyingi hupanga nauli tofauti kwa kila mji, hata pale abiria wote wanapokutana katika ndege moja Dubai au Istanbul.

Katika kutafuta, herufi LON humaanisha viwanja vyote vya London kwa pamoja, kama NYC ilivyo kwa New York. Google Flights huruhusu kuandika viwanja kadhaa vya kuondokea na kadhaa vya kufikia katika utafutaji mmoja. Skyscanner ina kisanduku cha kuongeza viwanja vya jirani, na hukubali hata jina la nchi nzima mahali pa kiwanja. Msafiri atafute kwanza kwa upana namna hiyo, aone ni viwanja gani viwili au vitatu vinavyorudia kutoa bei nzuri, kisha aweke arifa kwa kila kimoja. Kama tarehe zake hazijafungwa, achague arifa ya tarehe yoyote. Anayesubiri likizo ya shule hana uhuru huo, ingawa wazazi wa Leicester wana nafuu ndogo: kwa desturi shule za huko hufunga mapema kidogo kuliko sehemu nyingine za England, na siku zile chache za Julai kabla ya umati wote kuondoka zinastahili arifa yake pekee.

Marekani umbali ni mkubwa zaidi lakini hesabu ni ile ile. Mkenya wa Minneapolis hulinganisha nauli ya mjini kwake na ya Chicago, kiasi cha kilomita 650. Kwa watu wanne ndani ya gari moja safari hiyo inaweza kulipa. Kwa mtu mmoja, ni nadra. Mkazi wa Washington ana Dulles na Baltimore, na kwa basi anaifikia New York, ambako Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kwenda Nairobi Oktoba 2018.

Ushuru wa Uingereza na njia ya Dublin

Kwa anayeondokea Uingereza, sehemu ya nauli si ya shirika la ndege kabisa. Ni ushuru wa abiria wa anga, uliowekwa mwaka 1994, ambao hutozwa kwa kuondoka na si kwa kurudi. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika kundi la kati la umbali, na kuanzia Aprili 2026 kiwango cha kundi hilo kwa daraja la kawaida ni pauni 102 kwa kila mtu. Watoto wa chini ya miaka 16 katika daraja hilo wamesamehewa tangu Machi 2016. Si wazazi wote wanaolijua hilo, na inafaa kukagua mchanganuo wa bei, hasa tiketi inaponunuliwa kwa wakala.

Ireland iliufuta ushuru wake wa safari za anga Aprili 2014. Ndiyo maana arifa inayojumuisha Dublin mara nyingine huleta bei inayoshangaza. Tuchukue familia ya Birmingham yenye wazazi wawili na watoto wa miaka 9 na 14. Ushuru wao ni pauni 204. Wakienda Dublin kwa ndege kwa tiketi ya pembeni, wazazi watatozwa ushuru wa safari fupi, pauni 15 kila mmoja, kwa hiyo akiba ya ushuru inabaki pauni 174. Kutoka humo itoe nauli ya watu wanne ya kwenda Dublin na kurudi, mizigo yao, na pengine usiku mmoja hotelini. Mara nyingi hakibaki kitu. Njia hii hufaa pale nauli yenyewe ya Dublin, mbali na ushuru, inapokuwa chini sana.

Kuna mtego mkubwa zaidi ya hesabu. Mwenye pasi ya Uingereza huingia Ireland bila viza. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ireland hata kama ana kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Arifa haiulizi pasi ya mtu.

Mtego wa pili: aliyenunua tiketi inayoanzia Dublin kupitia London hawezi kupandia London kwa sababu tu anaishi karibu. Asipotokea Dublin, kwa kawaida shirika hufuta sehemu zote zilizobaki za tiketi, pamoja na ya kurudi.

Kiwanja cha kufikia

Ujirani uko pande zote mbili za safari. Anayekwenda Unguja alinganishe uwanja wa Abeid Amani Karume na ule wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam, kwa kuwa boti za kasi huvuka kwa takriban saa mbili. Anayekwenda Tanga ana Dar es Salaam na Mombasa, anayekwenda Arusha ana Kilimanjaro na Nairobi. Kati ya Nairobi na Mombasa kuna reli ya kisasa tangu mwaka 2017. Lakini mwenye pasi ya Uingereza anayetua Nairobi na kuvuka kwenda Tanzania kwa barabara atahitaji kibali cha kielektroniki cha Kenya, kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024, pamoja na viza ya Tanzania. Na anayeingia Zanzibar kwa pasi ya kigeni akumbuke bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima.

Kwa walioko Oman, swali la kila mwaka ni Muscat au Dubai na Sharjah. Mabasi huvuka mpaka, na mashirika ya bei nafuu ya Falme za Kiarabu huruka kwenda miji kadhaa ya Afrika Mashariki. Mfanyakazi ambaye ukaazi wake umefungamana na mwajiri ahakikishe kwanza ana ruhusa ya kuingia Falme.

Kwa wakimbizi jambo hili lina sura nyingine. Hati ya kusafiria ya mkimbizi iliyotolewa na Uingereza husafiri nchi nyingi, ila si kule alikotoroka mwenye hati. Hivyo familia nyingi za Wakongo na Warundi hukutana katika mji wa tatu: mama anatoka Bukavu au Bujumbura kwa barabara, mwana anatoka Sheffield kwa ndege, wanaonana Kampala, Kigali au Dar es Salaam kwa wiki mbili, kisha kila mmoja anarudi alikotoka. Kwa watu hawa kiwanja cha kufikia ni kile ambacho mzee anaweza kukifikia, na arifa iwekwe kwa miji yote inayowezekana. Mipaka nayo hubadilika haraka kuliko nauli. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na nauli nafuu ya Kigali haikuwa na maana tena kwa mama wa Bujumbura asiyeweza kuvuka. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Bei ya chini inapotokea, mtu apige simu nyumbani kwanza, aulize njia ikoje. Aulize pia kama nchi ya mkutano inaitambua hati yake, na kama nchi atakayobadilishia ndege inamdai viza ya kupita: raia wa Kongo, kwa mfano, yumo katika orodha ya wanaodaiwa viza hiyo katika viwanja vya eneo la Schengen, japokuwa wenye vibali fulani vya ukaazi husamehewa.

Bei ndogo na tiketi mbili

Nauli za ajabu kabisa mara nyingi hutengenezwa kwa kuunganisha tiketi mbili zisizojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote, na mizigo lazima ichukuliwe na kukabidhiwa upya. Juni 23, 2025, Qatar ilipofunga anga yake kwa saa kadhaa baada ya shambulio la Iran dhidi ya kambi ya Al Udeid, abiria wa mashirika mengi walikwama. Mwenye tiketi moja hadi mwisho wa safari alikuwa na wa kumdai njia nyingine, mwenye tiketi mbili alilazimika kuinunua mwenyewe ile ya pili.

Kuhusu wakala, Uingereza ina utaratibu wa leseni ya ATOL, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wakala anayechukua fedha leo na kutoa tiketi baadaye anapaswa kuwa nayo na kumpa mteja cheti. Wengi wetu huwanunulia watu tunaowafahamu, wa msikiti mmoja au kanisa moja, na kuomba cheti huonekana kama kumtilia mtu shaka. Kiombwe hata hivyo. Ununuzi wa zaidi ya pauni 100 kwa kadi ya mkopo pia hulindwa na sheria ya mwaka 1974, kinga ambayo fedha taslimu haina.

Msiba haungoji arifa. Anayepigiwa simu usiku kwamba baba amefariki na maziko ni kesho hana wiki za kusubiri bei ishuke. Lakini ile njia ya kutafuta kwa viwanja vingi pande zote mbili, na kwa tiketi ya kwenda tu ikiwa ya kurudi ni ghali, hufanya kazi hata usiku huo. Aliyekwisha kuizoea kwa safari za furaha huchukua dakika kumi.

Baada ya kununua, arifa isizimwe mara moja. Kwa safari za Marekani, tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya kuondoka inaweza kufutwa ndani ya saa 24 na fedha zote kurudishwa, isipokuwa pale shirika lilipotoa nafasi ya kushikilia bei kwa muda huo bila malipo. Kwingine hutegemea masharti ya tiketi yenyewe. Bei ikishuka asubuhi inayofuata, mnunuzi bado ana saa chache za kubadili nia.