Jino Liitwalo Pembe

Wazee wetu wa pwani waliita pembe kitu ambacho si pembe. Kifaru ana pembe, nyati ana pembe, mbuzi ana pembe. Ndovu ana meno mawili ya mbele ya taya la juu, yaliyokataa kuacha kukua. Hata hivyo kwa miaka mingi Kiswahili cha biashara hakikuyajua kwa jina jingine. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, ni pembe tu anazozitaja: kapata pembe, kauza pembe, kanyang'anywa pembe. Leo mahakamani na magazetini tunasoma "meno ya tembo", na kwa mara hii moja lugha ya mashtaka ina ukweli kuliko lugha ya soko.

Naanza na neno kwa sababu neno lilificha jambo. Mtu akibeba pembe, amebeba mzigo. Akibeba jino, amebeba kitu alicho nacho mwenyewe mdomoni. Pagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alikuwa na madini yaleyale begani na kinywani. Wataalamu huyaita haidroksiapataiti: kalisi na fosfeti zilizoshikana katika fuwele ndogo mno. Katika jino la binadamu fuwele hizo hujaa kwenye tabaka la juu, enameli, ambalo karibu lote ni madini, asilimia 96 kwa uzito. Chini yake kuna dentini, laini kidogo, yenye nyuzi za protini ndani yake. Ndovu huzaliwa na kofia ndogo ya enameli kwenye ncha ya jino lake, nayo husagika mapema. Kinachobaki ni dentini tupu. Pembe zote zilizopita Tabora, basi, zilikuwa shehena za dentini.

Na zilipita nyingi. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea siku zaidi ya 130 kutoka pwani. Walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, mtu aliyejua habari za maziwa na njia kuliko wageni wake wote wawili. Tabora ilikuwa njia panda: kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine za kusini na kusini-magharibi. Bidhaa zilizotoka pwani zilikuwa shanga, nyaya za shaba na vitambaa, hasa kile kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Kilichorudi ni pembe, pamoja na watu waliofanywa watumwa. Tusiwasahau hao, ingawa habari yao inastahili makala yake yenyewe.

Mizani ilikuwa frasila, kama kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mwanamume ulikuwa frasila mbili, lakini jino kubwa halikatwi ili limfae mbebaji. Jino zito mno lilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, na yale ya fahari yalitundikwa kengele ya ng'ombe kwenye ncha, ikilia hatua kwa hatua. Nimejaribu kuifikiria sauti ile katika misitu ya miombo kati ya Tabora na Ugogo. Msafara ulisikika kabla ya kuonekana.

Burton, ambaye hakuwa na adabu kwa watu aliowatembelea lakini alikuwa na macho, aliandika pia juu ya meno ya wabebaji wenyewe. Wanyamwezi wa wakati ule walichonga pembe za ndani za meno mawili ya mbele ya juu kwa chuma, ukabaki uwazi wa umbo la pembetatu. Yeye aliona ushenzi. Mswahili yeyote angeelewa upesi kuliko yeye: ule ni mwanya. Nani kati yetu hajui kwamba mwanya ni uzuri? Aliyezaliwa nao alishukuru, na asiye nao alichonga.

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Seli zinazojenga enameli hufa jino linapochomoza kwenye ufizi. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatwa hufunga, lakini enameli ikiondoka haiji tena. Kilichochongwa Unyanyembe kijana akiwa kijana kilibaki vile hadi kaburini, na dentini iliyokuwa wazi iliijua kila funda la maji baridi. Ndovu amebahatika zaidi mbele na ameonewa nyuma: meno yake ya mbele hukua maisha yote, ila magego yake huja kwa zamu, seti sita tu, na seti ya sita ikiisha mnyama hufa kwa njaa akiwa na majani mbele yake. Sisi tuna seti mbili.

Shehena hizo zilikwenda wapi? Zanzibar kwanza, kisha Bombay, London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kukata meno ya ndovu kuwa vibao vyembamba vya funguo za piano. Walipenda pembe ya Afrika Mashariki kwa kuwa ilikuwa laini na haikupasuka ovyo. Vibao vilianikwa juani kwa majuma mengi ndani ya nyumba za vioo mpaka viwe vyeupe. Hayo wasomaji wengi wanayajua.

Yasiyosimuliwa sana ni kwamba meno mengine ya Afrika yaliishia kuwa meno tena. Katika bidhaa za Zanzibar za karne ya 19 yamo meno ya kiboko. Jino la kiboko ni gumu kuliko la ndovu na haligeuki manjano haraka, na kwa sababu hiyo mafundi wa Ulaya na Marekani waliyachonga kuwa meno ya bandia. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno yaliyotengenezwa kwa jino la kiboko na meno ya watu. Hayo ni ya mwishoni mwa karne ya 18, kabla misafara ya Tabora haijapamba moto. Ufundi ule uliendelea mpaka kauri na mpira mgumu vilipoushinda katikati ya karne ya 19. Na ulikuwa na kasoro ya kuchekesha, kama si ya kuhuzunisha: jino la kiboko nalo ni dentini, likawa linaoza mdomoni mwa tajiri kama lolote lingine, na kunuka.

Wazo lenyewe la kulitengeneza jino kwa kitu cha jinsi yake halikufa. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya rubi, huko California. Miaka minne baadaye, katika jimbo hilohilo, madaktari wa meno walikuwa wameshaielekeza kwenye enameli. Iliyeyusha na kutoboa, lakini joto lake lilitishia kuua kiini cha jino chenye mishipa na hisia. Kwa muda ikaonekana leza ni kekee ghali tu.

Ujanja ulikuja kutoka upande mwingine: usilipige jino, yapige madini. Mwaka 2012 Shigeki Hontsu na wenzake nchini Japani walitangaza utando walioutengeneza hivi. Huweka kipande kilichoshindiliwa cha haidroksiapataiti ndani ya chombo kisicho na hewa na kukipiga kwa leza. Chembe huruka na kutua juu ya kipande cha chumvi kilichopashwa moto, zikajipanga kuwa fuwele. Kisha chumvi huyeyushwa kwa maji, na kinachoelea ni ngozi ya madini yenye unene wa milimita 0.004, inayokunjika bila kuvunjika na kushikika kwa kibano. Ukiibandika juu ya jino, hufunika dentini iliyo wazi, yaani mahali palepale panapotia ganzi ukinywa maji ya mtungini. Walipoutangaza walikuwa wameujaribu kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa, na Hontsu mwenyewe alisema miaka kadhaa ingehitajika kabla haujamfikia mgonjwa.

Naupenda utando huo. Jino la kiboko lilichongwa na kubanwa mdomoni likiwa mgeni. Hapa madini yanarudi yakiwa madini. Ila nikiufikiria Tabora, naona chombo kisicho na hewa, leza na umeme usiokatika, halafu naona benchi la zahanati. Katika vijiji vingi vya Tanzania tiba ya jino bovu ni moja: sindano ya ganzi na koleo. Mtu huja jino likiwa limeshamnyima usingizi kwa wiki nzima, naye huondoka na pengo. Halizungumzwi kama msiba, lakini hesabu yake kwa mtu wa miaka hamsini ni kutafuna upande mmoja, kisha kutotafuna.

Hapo ndipo historia yetu ina jambo ambalo tunalitangaza kidogo mno. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabili tatizo ambalo kila mganga wa wilaya alilijua: kekee haina maana pasipo umeme. Wakaamua kuiacha. Sehemu iliyooza huwa laini, kwa hiyo inaweza kukombwa kwa vyombo vya mkono, na tundu likazibwa kwa saruji inayojishikiza yenyewe kwenye jino. Baadaye saruji iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni ayonoma ya kioo, iliyobuniwa London na Wilson na Kent, ambayo hung'ang'ania kalisi ya jino na kuliachia floridi kidogo kidogo. Njia hiyo ilikwenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe kwa ulimwengu wote.

Vifaa vyake vinaenea katika mkoba, na pagazi wa zamani asingeuhesabu kuwa mzigo. Mgonjwa hulala chali juu ya meza. Uozo hukombwa, tundu huoshwa na kukaushwa kwa pamba. Unga na maji yake huchanganywa juu ya kibao mpaka viwe kama ugali laini, vikashindiliwa tundumi. Kisha daktari hupaka vaselini kwenye kidole kilichovikwa glavu, akakikandamiza juu ya jino na kungoja saruji ishike. Ziada hukwanguliwa, na mgonjwa huambiwa asile kitu kwa saa moja.