Kisukari cha ujauzito na afya ya kujamiiana

Kisukari cha ujauzito ni kile kinachoanza, au kugunduliwa mara ya kwanza, mwanamke akiwa tayari mjamzito. Aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba yuko kundi jingine, na matibabu yake huanza mapema zaidi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoipunguzia insulini nguvu. Kongosho likishindwa kufidia, sukari hupanda kwenye damu. Kwa kawaida mama hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28 kwa kunywa gramu 75 za glukosi. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013 vinasema sukari ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, au 8.5 saa mbili baada ya kunywa, anacho.

Wapo wanaosema kisukari cha mimba, na hawakosei. Mimi nachagua ujauzito kwa kuwa neno hilo linamtaja mwanamke na hali aliyomo, ilhali mimba humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwa mtoto.

Tukimtazama mwanamke mwenyewe, istilahi ya pili inahitajika: ya maisha yake ya ndoa. Kliniki zetu huzungumzia afya ya uzazi, yaani mimba, kujifungua na uzazi wa mpango. Afya ya kijinsia haifai, maana jinsia ni hali ya kuwa mwanamke au mwanamume. Nasema afya ya kujamiiana: mwili usioumia, hamu, faraja na usalama wa wawili wanapokutana.

Sukari ikizidi, fangasi hustawi ukeni. Mama huwashwa, hutokwa na utoko mzito mweupe, na tendo la ndoa humchoma. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huongezeka. Ukijumlisha uchovu na hofu ya kumdhuru mtoto, hamu hupotea. Kinachoniuma ni tuhuma zinazofuata nyumbani: mume huona mkewe akiwashwa, hudhani ametoka nje ya ndoa. Fangasi hizi si ushahidi wa usaliti. Hutibiwa kwa vidonge vya klotrimazole vya kuweka ukeni, lakini hurudi sukari isiposhuka.

Kwa hiyo muuguzi wa Meta, hospitali ya wazazi jijini Mbeya, au wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, amuulize mama wazi: “Mama, mkikutana na baba unaumia?” Aliyelelewa kwa Kinyakyusa au Kihehe huenda asianzishe mwenyewe mazungumzo hayo mbele ya mgeni, lakini akiulizwa kwa heshima, faraghani, ana pa kuanzia. Mashauri ya chakula nayo yaguse sahani yake: ndizi na viazi vya Rungwe, ugali wa Kilolo, vipungue bila kukatazwa, mboga na maharage viongezeke.

Kama hakuna damu inayotoka, chupa haijapasuka na daktari hajakataza, kisukari hiki peke yake hakizuii tendo la ndoa. Baada ya kujifungua, hasa mtoto akiwa mkubwa na mama amechanika au kupasuliwa, mume asubiri kidonda kipone na mkewe awe tayari. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mama apimwe sukari tena, na siku hiyohiyo aulizwe lile swali.