Bure, kwa Nani?

Ukitaka kuona ubaguzi uliojengwa kwa mawe, nenda Nairobi ukaiangalie Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa 1931, ina simba wawili mlangoni, na hadi 1958 ilikuwa ya wazungu peke yao. Sisi wa Mombasa tunapenda kulitaja hilo tukiwachokoza watu wa bara, kwa sababu sisi tulikuwa na Maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903. Jina lake kamili la Kiingereza linasema wazi kwamba ni maktaba ya umma na chumba cha kusomea bure. Hiyo ni miaka 28 kabla ya wale simba, na wanaoandika historia ya maktaba za Kenya huanzia hapo.

Bure ni neno tamu. Mimi nililielewa vizuri nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya karo. Kadi ya mwanafunzi ikishaisha, yule soja aliyekuwa akikuita msomi sasa anakuuliza unaenda wapi. Basi nikawa mtu wa maktaba za umma, na ndipo nikaanza kuona kwamba bure inajibu swali moja tu, la pesa. Haisemi vitabu ni vya lugha gani, vya herufi zipi, wala mlangoni kuna ngazi ngapi.

Bibi yangu ni mzaliwa wa Kibokoni, na ni msomaji. Anasoma Kurani, na anasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua alizotumiwa na babu kutoka Maskati ziliandikwa hivyo, na bado anazo. Fomu ya serikali ikija, bibi anaweka kidole gumba, kwa sababu herufi za Kilatini hakufundishwa. Kwa hivyo kwenye daftari la serikali yeye ni mtu asiyejua kusoma. Wangapi wa Mji wa Kale waliandikwa hivyo, miaka nenda miaka rudi? Mji huu ulikuwa na wasomaji kabla ya kuwa na maktaba, ila si wa aina iliyokuwa ikihesabiwa.

Na usomaji wao ulikuwa wa sauti. Darsa la msikitini ni kitabu kimoja, sheikh mmoja, na watu wamekaa mkekani wakisikiliza. Nyumbani utenzi husomwa na mmoja, wengine mikono iko kazini. Utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo wa Pate aliutunga karibu 1858 kwa ajili ya binti yake, ulisafiri pwani nzima kwa njia hiyo: unanakiliwa kwa mkono, unasomwa, unasikika, mwingine anaomba naye anakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji, Mmvita wetu aliyefariki 1840, yaliishi vichwani mwa watu miongo kadhaa kabla Mwalimu Sikujua hajayakusanya na kuyafafanua pamoja na mmishonari W. E. Taylor. Hati za Taylor zikaishia SOAS, London. Mtoto wa Ndia Kuu anayetaka kuzishika hati za mshairi wa mtaani kwao itabidi kwanza aombe viza. Sijui nicheke au nilie.

Maktaba ya umma ilipokuja ilikuja na kanuni yake ya kwanza: nyamaza. Nakubali, kimya kina kazi yake. Wanafunzi wa mtihani wanakihitaji, hasa wale wanaotoka nyumba za chumba kimoja, na mimi pia nimeandika mengi ndani ya kimya hicho. Lakini siku moja bibi aliniuliza, "Huko maktabani mwasomeana?" Nikamwambia hapana, bibi, ukisema tu unafukuzwa. Akashangaa kweli. "Sasa mwaenda kufanya nini?"

Swali lake lina historia nyuma yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah 1932, aliandika kwa Kiswahili ili wasiojua Kiarabu wapate. Gazeti la namna hiyo linapofika barazani, nakala moja inatosha watu kumi, mmoja asome na wengine wabishane. Maktaba ingeweza kuiga baraza. Ikaiga Uingereza.

Baada ya uhuru sheria zilijaribu kupanua mlango. Mwaka 1965 Bunge liliunda bodi ya maktaba za taifa, na 1996 huduma hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kuwafuata wafugaji. Hilo nalipenda: maktaba iliyoinuka na kumfuata msomaji. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti jukumu la maktaba, na kifungu cha 54 kikawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kupata habari, breli na lugha ya ishara zikiwemo. Mwaka 2017 Kenya ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vitengenezwe kwa breli au sauti kwa wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Sauti, tena. Kumbe anachokihitaji jirani yetu asiyeona ndicho anachokihitaji bibi, na ndicho mji huu ulichokuwa nacho tangu zamani.

Vichochoro vya Mji wa Kale gari halipiti, lakini kiti cha magurudumu kinapita. Kinachokizuia ni kizingiti, na kizingiti ni fundi wa siku moja na mfuko wa saruji. Vya kurekodia tunavyo mfukoni, kila mmoja wetu. Wazee wanaozijua beti kwa moyo wanapungua kila Ramadhani, na wengi wangekuja kuzisoma kati ya alasiri na magharibi kama wangealikwa na kupewa kiti na chai. Kinachotakiwa ni chumba kimoja tu, chenye mlango unaofungika ili wa mtihani wasisumbuliwe.