Queen Jane: Malkia wa benga aliyewatetea mabinti

Jane Nyambura, maarufu kama Queen Jane, alikuwa mwimbaji wa benga kutoka Murang'a aliyeimba hasa kwa Kikuyu. Alifariki dunia tarehe 29 Juni 2010. Kuanzia Ruring'u mjini Nyeri hadi mitaa ya Nairobi, jina lake ni kubwa. Huku kwetu Pwani wengi hawamjui.

Benga ilianzia kwa Waluo wa Nyanza, ambako wapigaji gitaa waliiga namna nyuzi za nyatiti zinavyodonolewa. Ilipofika Mlima Kenya ikakutana na nyimbo za jadi za Kikuyu, ambazo uzito wake uko kwenye maneno. Joseph Kamaru na dadake Catherine Muthoni walikuwa miongoni mwa waliotangulia, miaka ya 1960. Baadaye ukaja mugithi, yaani garimoshi, kwa kuwa wachezaji hushikana na kufuatana kama mabehewa.

Jukwaa hilo lilikuwa la wanaume. Bendi hupiga usiku, kwenye baa, na mwanamke anayesimama mbele ya kipaza sauti hukosa stara machoni mwa jamii. Nyambura aliingia miaka ya 1980 kupitia bendi ya Mbiri Stars ya Simon Kihara, yaani Musaimo. Kisha akaunda yake mwenyewe, Queenja Les Les. Hapo hakuwa tena mwitikiaji wa mwanamume. Alikuwa mwenye bendi.

Wimbo wake "Guka Nindarega", yaani "Babu, Nimekataa", unampa sauti msichana anayekataa kuozwa mzee. Kauli kama hiyo binti huogopa kuitoa mbele ya wazee wake. Ikishakuwa wimbo, inaingia kwenye redio na matatu, na mzee huyo huyo anaisikia bila ya mtu kutovukiwa adabu.

Sisi wa Pwani tunaijua njia hii. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba kisa cha Kijiti: mwanamke aliuawa, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Hata mbali na kwetu yapo hayo. Lyubov Uspenskaya, mzaliwa wa Kyiv mwaka 1954, aliimba kwenye mikahawa ya wahamiaji New York, akazichukua nyimbo za vilabuni na za mitaani, ziitwazo chanson kwa Warusi, akazitia mahadhi ya kisasa.

Queen Jane aliacha ndugu waimbaji, wakiwemo Lady Wanja na Princess Aggie. Vijana wa leo wanaupiga mugithi kwa kinanda cha umeme na kompyuta, na wasichana wanaoongoza jukwaa si ajabu tena. Lakini mabinti wanaoozwa kabla ya wakati bado wako, kule Mlimani na hapa kwetu pia. Kwa hiyo wimbo ule haujachakaa.